Ukuta wa televisheni unaopanda chukudu

Picha zinazozunguka kwenye simu huonyesha sebule za Dubai na Johannesburg: ukuta mzima umevikwa mbao nyeusi, televisheni imekaa katikati, taa za bluu zinawaka pembeni na hakuna waya hata mmoja unaoonekana. Vijana wa Himbi, Katindo na Majengo, mitaa ya Goma, hupeleka picha hizo kwa fundi wakimwambia wanataka kitu hicho hicho. Fundi huitazama picha, akaitazama nyumba, akajibu kwamba inawezekana. Kweli inawezekana, ila si kwa njia ya pichani. Kule ukuta ni wa tofali na saruji, na mapambo hutundikwa juu yake. Hapa Goma nyumba nyingi ni za mbao: nguzo chache, mbao nyembamba zilizopigiliwa kwa nje, mabati juu. Ubao huo uliwekwa kuzuia mvua na macho ya majirani. Televisheni ya kilo kumi, dekoda, spika na rafu ya picha za harusi haviko kwenye mkataba wake.

Kwa hiyo liko sharti moja, na mengine yote yanalifuata: ukuta wa televisheni wa Goma usiutegemee ukuta wa nyumba. Ujisimamie wenyewe, kwa fremu yake na kwa uzito wake, na uungwe kwa bolti ili siku ya kuhama ufunguliwe vipande vipande.

Siku hiyo huja. Mpangaji huhama kwa sababu kodi imepanda, na hilo ni la mji wowote. Goma ina sababu zake za ziada. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilishuka hadi katikati ya mji, ikafunika sehemu kubwa ya mtaa wa Birere na kipande cha uwanja wa ndege. Watu walipojenga upya juu ya mwamba ule, wengi walichagua mbao, kwa kuwa nyumba ya mbao haidai msingi wa kuchimbwa na unaweza kuibomoa ukaisimamisha kwingine. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi iliendelea kutikisika siku baada ya siku, na tarehe 27 Mei serikali ikaamuru mitaa kumi ya mji ihame. Watu wapatao 400,000 walitoka, wengine kuelekea Sake na Minova, wengine Rutshuru, wengine kuvuka mpaka kuingia Rwanda. Januari 2025 vita viliingia mjini, umeme na maji vikakatika kwa siku kadhaa. Mtu anayepigilia samani zake ukutani kwa misumari ya inchi nne katika mji wenye historia hii ana imani kubwa kuliko mimi.

Sasa tutafute vifaa. Usikimbilie kwa muuza mbao. Anzia nyuma ya nyumba yako. Karibu kila uwanja wa Goma una rundo la vitu ambavyo mwenyewe hataki kuvitupa: mlango wa zamani, kitanda kilichovunjika mguu, mbao zilizobaki ukuta ulipofanyiwa matengenezo, meza ya duka lililofungwa. Mlango wa zamani ndio mali ya kwanza. Mbao zake zimekauka kwa miaka, na kama zilikuwa za kupinda zimekwisha kupinda. Ukibahatika kupata mlango au kabati la muvula au libuyu, zile mbao nzito zinazoshuka kutoka upande wa Beni na Mambasa, usilikate ovyo wala usilipake rangi. Hilo ndilo litakuwa uso wa ukuta wako, kila atakayeingia atalitazama.

Kwa fremu, mikaratusi inatosha. Inapatikana kila mahali na ina nguvu. Tabia yake mbaya ni kwamba ikiwa mbichi hujinyonga ikikauka, na ikikauka hupasuka ukiipigilia msumari bila kuitoboa kwanza. Ndiyo maana mikaratusi iliyotolewa kwenye nyumba ya zamani ni bora kuliko ile iliyoshushwa jana kwenye lori. Chagua iliyonyooka: iweke kwenye usawa wa jicho, fumba jicho lingine, tazama ukingo wake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Halafu chukua bisibisi uchome ubao hapa na pale, hasa sehemu iliyokuwa karibu na ardhi. Ikizama bila kusukumwa, hapo pameoza. Ukiona vitundu vidogo na unga laini unamwagika ukigonga, kuna wadudu ndani bado wanaendelea na kazi, na ukiuingiza ubao huo sebuleni utawapeleka kwenye viti. Kata sehemu hiyo uipeleke jikoni ikawe kuni.

Mbao za aina mbili uzikatae hata ukipewa bure. Ya kwanza ni zile za nje zilizopakwa oili chafu ya gari ili kuzuia mchwa na mvua. Nje zinafaa. Ndani zinanuka, zinachafua nguo, na moto ukizipata huchangamka. Ya pili ni baadhi ya mbao za paleti. Paleti hupatikana kwenye maghala, zikiwa zimebeba shehena kutoka nje, na mbao zake nyeupe za msonobari huranda vizuri sana. Ila kabla ya kununua tafuta muhuri uliochomwa ubavuni. Ukiona herufi HT, paleti imetibiwa kwa joto, chukua. Ukiona MB, imefukizwa methili bromidi, ambayo ni sumu. Iache huko huko. Paleti isiyo na muhuri lakini ina madoa au harufu ya dawa, iache pia. Muuzaji atakuambia kwamba ni maji tu.

Misumari ya zamani haitupwi. Kwenye vibanda vya maseremala utamwona kijana amechuchumaa mbele ya jiwe la lava lililosawazika juu, msumari umelala chali, kidole gumba na cha shahada vinaushika kwa mkia, na nyundo inagonga pale tu ulipopinda, si kwa nguvu, gonga geuza, gonga geuza, mpaka unyooke. Kazi hiyo inafaa, ila misumari hiyo itatumika kwenye uso wa ukuta tu, kushikilia mbao za mapambo. Viungo vya fremu ni vya bolti. Nenda kwa mafundi wa pikipiki: wana makopo yamejaa bolti na nati zilizotoka kwenye mashine zilizokufa. Chagua za milimita 8 zinazofunguliwa kwa spana namba 13, zote za aina moja, na washa zake. Ukichanganya namba, siku ya kufungua utahitaji sanduku zima la fundi. Zikiwa za namba moja, spana moja inakaa kwenye droo na mtoto wa darasa la sita anaweza kuufungua ukuta wote.

Hapo hapo kwa mafundi wa pikipiki omba mpira wa ndani wa tairi uliochoka. Waliotengeneza chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma mizigo, walijua zamani kwamba gurudumu la mbao likivikwa kipande cha tairi halipigi kelele nyingi na halichakai upesi. Wewe utautumia mpira huo kati ya mbao na chuma, na chini ya spika. Kitu cha mwisho ni chuma cha pembe, kile cha vitanda vya zamani vya chuma. Vipande viwili vya sentimita 50 vinatosha.

Kabla ya kukata chochote, pima mlango. Mama mwenye nyumba ndiye kwa kawaida huuliza swali ambalo wanaume wamelisahau: «Fundi, siku tutahama, hii kitu itapita ku mlango?» Jibu liwe «Itapita, mama, tutaifungua», na liwe la kweli. Milango mingi ya nyumba za mbao ina upana wa sentimita 80 hivi, wakati mwingine pungufu. Kipande chochote cha ukuta kiweze kupita kikiwa kimelazwa ubavu, kibebwe na watu wawili, na kifungwe kwa kamba juu ya chukudu bila kuburuta.

Kisha pima macho. Kaa kwenye kiti utakachotumia, mtu mwingine aweke alama ukutani kwenye usawa wa macho yako. Kwa viti vyetu vya kawaida alama itaangukia kati ya sentimita 100 na 110 kutoka sakafuni, na hapo ndipo katikati ya kioo inapostahili kuwa. Watu wengi hutundika televisheni juu, karibu na dari, ili watoto wasiiguse. Huo ni mtindo wa baa na wa vibanda vya kuonyesha mpira, ambako watu wamesimama. Nyumbani utaumwa shingo kabla ya mapumziko. Umbali nao una kipimo chake: kioo cha inchi 43 kina urefu wa sentimita 109 kwa mshazari, na mtazamaji akae kiasi cha mara moja na nusu hadi mara mbili na nusu ya urefu huo, yaani mita 1.6 hadi 2.7. Chumba chenye mita tatu tu kutoka ukuta hadi ukuta, ukitoa kina cha fremu na cha kiti, hakihitaji kioo kikubwa kuliko hicho. Katoni la televisheni likifunguliwa na kukatwa kwa saizi ya kioo, ukalibandika ukutani siku mbili tatu, litakuonyesha kama dirisha linaakisi na kama mlango ukifunguliwa unapiga pembe.

Fremu ninayoipendekeza kwa inchi 43 ina vipande vinne: sanduku la chini, kipande cha kati na minara miwili ya pembeni. Minara ni rafu tu, kila mmoja upana wa sentimita 30. Ukikosa mbao au nafasi, iache. Kazi yote iko kwenye sanduku na kipande cha kati.

Sanduku la chini ndilo moyo wa ukuta huu, na ndilo ambalo picha za Dubai hazina. Lijenge urefu wa sentimita 110, kina 35, kimo 15, kwa mbao nene, sakafu yake iwe imara. Chini yake weka miguu ya vipande vya jiwe la lava vilivyosawazika, au mbao za sentimita 5, ili unyevu wa sakafu usipande na maji ya kupiga deki yasilifikie. Halafu lijaze kokoto ya lava. Ndiyo, ile ile inayowasumbua watu kila wanapotaka kulima bustani. Sanduku la vipimo hivyo lina ujazo wa lita 58 hivi, na hata kokoto nyepesi yenye matundu itakupa kilo 50 hadi 60. Ile nzito inapita hapo sana. Itie kwenye magunia madogo ya mchele yaliyotumika badala ya kuimwaga ovyo, uifunge, uipange ndani. Uzito huo wa chini ndio utakaozuia ukuta usianguke mtoto akipanda rafu au ardhi ikitikisika. Siku ya kuhama unautoa, unaumwaga uwanjani, unabeba magunia matupu. Kokoto ipo popote utakapofika, angalau ukibaki upande huu wa mlima.

Kipande cha kati ni mihimili miwili ya kusimama, kila mmoja sentimita 180, ikiachana kwa sentimita 60. Ncha zake za chini ziingie ndani ya sanduku hadi sakafuni na zifungwe kwa bolti mbili mbili kwenye ubavu wa nyuma. Bolti moja haitoshi, kwa kuwa mhimili utazunguka juu yake. Pitisha mihimili ya kulala miwili, mmoja kwenye sentimita 90 na mwingine kwenye 120 kutoka sakafuni, kisha mmoja wa juu kabisa. Nyuma, funga ubao mmoja wa mshazari kutoka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia. Fundi mwenye haraka huuruka mshazari kwa kuwa hauonekani. Usukume kidogo kwa bega ukuta usio na mshazari, utaona unavyoyumba kwenda upande na kurudi. Mshazari ukiwepo, hauendi popote. Katika mji ambao mitetemeko yake ni ya kuzoeleka, huo si ubao wa kubana matumizi.

Toboa kila shimo kabla ya kupitisha bolti, na shimo la mikaratusi lisiwe karibu na ncha ya ubao kwa chini ya sentimita 4 au 5, la sivyo ubao utapasuka siku utakapokaza. Andika herufi kwa kalamu ya makaa upande wa nyuma wa kila kiungo: A na A, B na B. Ni kazi ya dakika chache, na mtu atakayeufunga ukuta huu Minova au Kiwanja bila fundi aliyeutengeneza atakushukuru.

Acha sentimita 5 hadi 10 kati ya fremu na ukuta wa nyumba. Mbao za nje hupenyeza mvua ya upepo, na vumbi la mji huu ni jeusi na kali. Juu kabisa, funga fremu kwenye nguzo ya nyumba, si kwenye ubao, kwa mkanda wa mpira wa tairi au wa nailoni uliolegea kidogo. Nyumba ya mbao hucheza ikitikiswa, na hiyo ndiyo salama yake. Mkanda unaiacha icheze kivyake huku ukizuia ukuta wako usije mbele. Ukiuunga kwa chuma kigumu, nyumba na ukuta vitavutana mpaka kimoja kikubali.

Tufike kwenye televisheni yenyewe. Nyuma yake kuna matundu manne ya skrubu yaliyopangwa kwa mraba au mstatili, na nafasi kati yake hupimwa kwa milimita: 100 kwa 100, 200 kwa 200, na kuendelea. Toboa vile vyuma viwili vya pembe vilingane na matundu hayo, kimoja kushoto kimoja kulia, vikisimama wima. Skrubu za televisheni ndogo mara nyingi ni za milimita 4, za kubwa ni milimita 6, na urefu wake ndio unaoua vioo. Chukua njiti ya kiberiti, iingize kwenye tundu taratibu mpaka igote, weka alama kwa ukucha. Huo ndio urefu unaoruhusiwa kuingia. Ongeza unene wa chuma na wa mpira utakaoweka katikati, upunguze milimita mbili. Skrubu ndefu kuliko hapo itafika kwenye kioo kutoka nyuma na doa jeusi litaonekana mbele siku hiyo hiyo. Vyuma vikishashika televisheni, vifunge kwa bolti kwenye mihimili miwili ya kulala, na kipande cha mpira kati ya chuma na mbao. Kazi hii ni ya watu wawili, na asiwepo wa tatu anayetoa maoni.

Umeme nitauzungumza kwa kirefu kwa sababu ndio unaochoma nyumba. Katika mtaa wa mbao moto hauheshimu mpaka wa uwanja. Nyumba moja ya Goma inatumia SNEL, inayoleta umeme wa Ruzizi kutoka kusini mwa Ziwa Kivu. Jirani yuko na Virunga Energies, yenye kituo cha maji cha Matebe kule Rutshuru. Wa mtaa wa Ndosho yuko na Nuru na paneli zake za jua. Mwingine ana paneli moja juu ya bati na betri ya gari. Popote unapotoka, sheria za nyuma ya ukuta ni zile zile. Waya wa prizi uwe wa milimita mraba 2.5, si ule mwembamba wa taa. Upitishwe ndani ya mrija wa plastiki, juu ya mbao, mahali unapoweza kuuona ukichungulia. Tamaa ya kuficha waya wote kati ya mbao mbili ndiyo hatari kubwa ya ukuta wa pichani: panya wataukuta kabla yako. Kiungo cha waya kiwe ndani ya kisanduku chake, kisifungwe kwa mfuko wa plastiki wala kwa gundi ya karatasi. Ralonji moja isizae ralonji nyingine.

Televisheni ya inchi 43 haili umeme mwingi, kwa kawaida chini ya wati 100, na dekoda ni kidogo zaidi. Kinachoharibu vifaa ni umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Stabilizata inasaidia, iweke kwenye rafu iliyo wazi juu ya sanduku la kokoto, pamoja na dekoda, pasipo mlango wala kitambaa cha kufunika. Najua vitambaa vilivyofumwa kwa mkono ni heshima ya nyumba. Viwekwe kwenye minara. Televisheni yenyewe iachiwe sentimita 10 juu na pembeni ili ipumue. Na betri ya maji isikae kabisa ndani ya fremu: ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka, na tindikali yake hula bolti. Mahali pake ni penye hewa, mbali na cheche na jiko la makaa.

Halafu kuna radi. Orodha iliyotokana na kumbukumbu za satelaiti na kuchapishwa mwaka 2016 iliiweka Kabare, huku huku mashariki mwa Kongo, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Mwamba wa lava nao ni mpokezi mbaya wa umeme, tena nondo ya kuupeleka ardhini haizami ndani yake kwa nyundo. Usitegemee stabilizata kwa hili. Panga prizi kuu na waya wa antena vitokee upande mmoja wa fremu, kwenye usawa wa mkono, ili mawingu yakijikusanya mtu yeyote avichomoe vyote viwili kwa mara moja. Watu wengi huchomoa umeme wakasahau antena, na radi huingia kwa dishi lililoko juu ya bati.

Kabla ya kuchagua ukuta gani wa chumba, tazama juu. Moshi wa Nyiragongo una gesi ya salfa, na mvua inayopita ndani yake huwa na tindikali inayokula mabati haraka kuliko kwingine. Bati lenye kutu leo litavuja msimu ujao. Kama dari ya triplex ina doa la mduara, usiweke televisheni chini yake hata kama bati limebadilishwa juzi.

Uso wa ukuta ni wa hiari yako na ndio sehemu rahisi. Pasua mbao za paleti, zirande, zipige msasa, zipange za kulala juu ya mihimili zikiachana kwa upana wa kidole ili hewa ipite. Wanaotaka rangi ya kahawia bila kununua dawa wachemshe kahawa ya unga mpaka iwe nzito, wapake mara mbili, ikikauka wapitishe vanishi. Inakubali vizuri kwenye mbao nyeupe. Kwenye mikaratusi, ambayo tayari ni nyekundu, ni kupoteza kahawa. Mawe ya lava kubandikwa usoni yanapendeza sana kwenye mahoteli ya kando ya ziwa, ambako ukuta ni wa saruji. Kwenye fremu ya mbao ni mzigo uliowekwa juu wakati unatakiwa chini, na utaanguka kipande kimoja kimoja. Trei za mayai za kuzuia sauti zisiingie kabisa: hazizuii sauti ya kufika kwa jirani, na zinashika moto kwa sekunde. Ukitaka jirani alale, weka spika juu ya mpira wa tairi na uzielekeze ndani ya chumba, mbali na ukuta mnaochangia.

Neno moja kuhusu televisheni za zamani zenye mgongo, ambazo watu hupenda kutoa kioo ili kasha liwe rafu ya maua. Bomba la kioo hicho huweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa muda mrefu, na likipasuka vipande huruka. Mpelekee fundi wa televisheni alitoe yeye. Kasha likirudi tupu, lifanyie utakalo.

Ukuta ukishasimama, ujaribu kabla ya kutundika kioo. Shika mhimili wa juu kwa mikono miwili, uuvute kuja kwako kwa nguvu ya mtoto mkubwa anayening'inia. Sanduku likinyanyuka nyuma, ongeza kokoto. Kisha ufungue wote na uufunge tena mara moja, ukiwa bado na fundi, ili ujue bolti ipi inagoma na shimo lipi halikulingana. Bolti inayogoma ipake mafuta kidogo sasa.

Baada ya mwezi mmoja pita na spana namba 13 kwenye kila nati, kwa maana mbao hunywea na viungo hulegea. Pita tena kiangazi kikianza, mwezi wa sita, mbao zinapokauka zaidi, na mara nyingine mvua za mwezi wa tisa zikirudi. Safari hiyo ya mwisho toa pia magunia ya kokoto, ufagie ndani ya sanduku, uangalie kama panya wamehamia.